Hati ya Siku Nane

Borbála aliiweka hati juu ya meza kwa mikono miwili. Ilikuwa hati ya kifo cha mumewe, Vendel, aliyeangukiwa na mwamba katika mgodi wa makaa ya mawe mwezi Agosti.

Karani Szilvásy aliutazama mhuri, akaisukuma hati kwa ncha ya kalamu.

"Mhuri wa nani huu?"

"Wa Jamhuri, mheshimiwa."

"Jamhuri gani?"

Karani alijua vizuri. Mji mzima ulijua. Waserbia, waliolikalia eneo hilo tangu vita viishe, walipoamriwa kuondoka, wachimbaji walijitangazia jamhuri yao ili wasiangukie mikononi mwa wakubwa wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Ilidumu siku nane. Hakuna nchi iliyoitambua, na jeshi la Budapest likaingia mjini pamoja na makarani wake. Vendel alikufa siku ya tano, zamu ya asubuhi, akazikwa na watu zaidi ya mia mbili.

Bila kupandisha sauti, karani akaeleza kwamba serikali ambayo haikuwapo haiwezi kuthibitisha kifo. Kwa hiyo Vendel yu hai. Na kama yu hai na haonekani kazini, basi amevuka mpaka na waasi, na mke wa mwasi hakai katika nyumba ya mgodi.

Borbála akasema kaburi lipo, waende wakalifukue.

"Kufukua maiti kunahitaji hati ya kifo, mama. Iliyo halali."

Kisha akamsogezea karatasi nyingine. Akitia sahihi kwamba mumewe alitoroka, ataachiwa nyumba hadi majira ya kuchipua. Nje theluji ilikuwa imeanza, na nyumbani alikuwa na mabinti watatu. Borbála akatia sahihi. Kalamu ilitoboa karatasi.

Wiki ileile mzee Matyó, mchimba kaburi, aling'oa msalaba wa Vendel. Ameagizwa, alisema bila kumtazama Borbála usoni. Jina hilo halimo katika daftari la wafu.

Tangu hapo askari wawili wakawa wanakuja kila Jumatatu. Walipekua chini ya vitanda, wakadunga magodoro kwa singe za bunduki zao, kisha wakamuuliza mbele ya watoto mumewe yuko wapi.

"Bado hajarudi," alijibu.

Jumatatu ya nne, askari walipokwisha kuondoka, binti wa mwisho, wa miaka minne, alivuta kigoda hadi dirishani, akaketi kumngoja baba. Dada yake mkubwa, aliyeuona mwili, akamzaba kofi.