Salama Mara Tatu

Faili la fundi seremala lilikuwa na karatasi tatu, na zote zilisema hana tatizo. Mshauri nasaha mwenzangu, aliyehamishwa mwezi uliopita, alimwuliza kila wiki, "Unaendeleaje?" Fundi akajibu, "Salama tu." Mwenzangu akaandika: salama. Mtu kasalimiwa, kaitikia kama alivyolelewa, na jibu lake likawekwa kwenye faili kama majibu ya kipimo cha damu. Nilitamani kumpigia simu nimkaripie kidogo.

Sasa fundi alitaka saini yangu. Miezi miwili baada ya kumzika mkewe, msumeno wa umeme ulimkata vidole viwili. Mkono uliteleza, ndivyo alivyoeleza. Bosi wake alisema harudi karakana bila karatasi yetu.

Aliingia na dada yake mkubwa. Kanuni zinataka mteja aingie peke yake, lakini aliyeziandika hakuwahi kumwambia dada mkubwa wa mtu asubiri kwenye benchi. Nikamvutia kiti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Huyu mzima. Anakula, analala. Weka saini tu, tusikucheleweshe."

Nikaifunga fomu ya maswali kumi, nikaanza kusalimia upya, bila haraka. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Mama mkwe? Anaendelea vizuri. Kwetu sisi habari mbaya haitolewi mlangoni. Inangoja watu wakae, wamalize kujuliana hali. Fomu yetu hutoa dakika moja kwa yote hayo.

Nikaishiwa watu wa kuwaulizia, nikanyamaza. Dada akafungua mdomo.

"Dada, nisaidie kunyamaza," nikamwomba. "Ni kazi ngumu, inahitaji mtu mzima."

Akanyamaza kwa uso wa mtu aliyepandishwa cheo.

Fundi alitazama mkono wake.

"Basi ni salama tu," akasema. "Ila mkono haukuteleza."

"Unasema nini wewe?" dada akauliza.

"Haukuteleza, dada. Niliupeleka mwenyewe."

Niliogopa. Sioni aibu kusema niliogopa, maana tulibakiza saini moja tumrudishe kwenye ule msumeno. Nikamwuliza waziwazi kama bado anataka kufa. Akafikiri vizuri, kama mtu aliyeulizwa urefu wa ubao.

"Jioni hapana, watoto wapo," akasema. "Asubuhi, wakishaenda shule, ndiyo."

Sikusaini. Nikamwambia kesho tunaonana tena, na keshokutwa pia. Hakubisha.

Dada akainuka. Nikajua nimemwudhi, anaondoka. Kumbe alikuwa anasogeza kiti. Alikiburuta mpaka kikagusana na cha mdogo wake, akakaa.

"Wanaenda shule saa ngapi?" akamwuliza. "Nataka kujua nifike saa ngapi."