Mlinzi wa Tatu Aongezewa Maneno

Haya ni kweli tupu, sijatia chumvi hata punje. Asiyeamini akamuulize shemeji yangu, ingawa siku hizi hataki kuniona.

Ukumbini kwetu sisi wastaafu tulikuwa tunaandaa mchezo wa mfalme wa kale aliyewekewa sumu. Kinyozi ndiye mfalme. Shemeji, kaka yake mke wangu, ndiye waziri msaliti. Mimi ni Mlinzi wa Tatu: nashika mkuki, nasema "Nani huyo?", basi. Maneno mawili, na nilikwisha kuwaalika wajukuu saba waje kuyasikia.

Mswada ulikuwa mmoja tu, umetundikwa msumarini kando ya jukwaa. Mwalimu, mama aliyeutunga, alituwekea sharti: atakayeugusa kwa kalamu, sehemu yake inafutwa.

Jumatatu Mlinzi wa Tatu akakutwa ana sentensi nne. Jumatano akawa na mke. Ijumaa alikuwa anamshauri mfalme mambo ya vita.

"Hapa pana mkono wa mtu," Mwalimu akasema, akitutazama mmoja mmoja kama anayechagua nyanya.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema, jicho kwa shemeji.

"Unanitazama nini? Nikuongezee maneno wewe, nina wazimu?"

"Ndiyo ujanja wenyewe. Uniongezee, nishukiwe, nifutwe."

Kinyozi akakuna kidevu. "Mbona inaingia akilini?"

Tangu hapo hakuna aliyemwamini mwenzake. Kinyozi akawa ananusa kikombe cha sumu kabla ya kunywa, na ndani mna maji ya bomba. Aliyeigiza malkia akalikalia daftari alilonakilia maneno yake. Shemeji alikwenda hata msalani na kalamu zake zote, asije akasingiziwa. Mimi nikawa nafika wa kwanza kila siku kuulinda mswada. Kazi ya mlinzi ni nini?

Jumanne iliyofuata tukarudia onyesho la sumu. Kinyozi akainua kikombe. Nikapiga hatua mbele, mkuki ngu! sakafuni.

"Ewe mfalme, usinywe! Macho yangu yamemwona waziri akikoroga mauti!" Nikaendelea hivyo mpaka jasho likanitiririka. Nilipomaliza, kikombe cha kinyozi kilikuwa bado hewani. Nikadhani nimewagusa.

"Umeyasoma wapi hayo?" Mwalimu akauliza taratibu.

"Si pale msumarini?"

"Pale pana nakala safi, nimeitundika mwenyewe jana. Ile yenye hotuba hiyo niliiondoa Jumamosi, kabla mtu hajaisoma. Anayeijua ni mimi na aliyeiandika."

Wote wakageuka.

"Nimeota, Mwalimu," nikasema.

"Umeota na nukta zake?"

Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. "Wanasema za mwizi arobaini! Wewe, shemeji, hata wiki mbili hukufika!"

Nikaomba. Nikawataja wajukuu wote saba, nikamwongeza na wa nane ambaye hajazaliwa. Mwalimu akanyoosha mkono tu. Nikatoa kalamu mfukoni, nikampa, naye akayafuta maneno yangu mawili kwa wino wangu mwenyewe. Mkuki akaniachia.

Siku ya onyesho wajukuu walijaa safu ya mbele, wananisubiri. Nilisimama wima, mdomo nimeufunga. Kinyozi akainua kikombe, akanitupia jicho la wasiwasi.

Nikamwacha anywe.