Mhusika Yupo Ukumbini

Mtoto wa dada yangu tulimwita Profesa tangu angali mdogo, kwa maswali yake yasiyokwisha. Alipopata nafasi ya kusomea shahada ya taaluma mseto, jirani aliuliza akimaliza atakuwa nani. Dada akajibu, "Atakuwa amemaliza." Tulicheka, lakini dada hakuwa akitania. Yeye ni fundi wa mapazia, na miaka yote ya chuo ya huyo binti ilipita kwenye cherehani yake.

Mwaka wa mwisho wana kozi kuu, na asiyeifaulu hapati shahada. Mwanafunzi anachagua kitu kimoja, anakitazama kwa jicho la historia, la uchumi na la saikolojia, kisha anaunganisha aliyoyaona yawe hoja moja na kuitetea mbele ya walimu. Kijana mmoja alichagua chumvi. Mwingine alichagua daraja. Profesa hakutuambia amechagua nini, alitualika tu, na dada akajiaminisha kwamba anakwenda kushukuriwa. Alivaa gauni lake la kuendea harusi na kuniuliza mara mbili kama kilemba kimekaa sawa.

Tulikaa mstari wa pili. Ukutani ikawashwa picha ya dada mwenyewe, ameinamia cherehani, uso umezibwa kwa mraba mweusi ili kulinda faragha yake. Juu yake yakaandikwa maneno: Utii wa Mwanamke Mmoja.

Profesa alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Mhusika, ndivyo alivyomwita mama yake, aliambiwa aolewe, akasema ndiyo. Mumewe akamleta mwanamke mwingine ndani ya nyumba, mhusika akaambiwa ahame chumba, akasema ndiyo. Mume akafa, mashemeji wakachukua nyumba, akasema ndiyo. Historia ilikuwa na jina la jambo hilo, uchumi ulikuwa na lake, saikolojia nayo lake. Kisha akatusikilizisha sauti ya dada, iliyorekodiwa jikoni bila yeye kujua, akimsimulia mwanawe jinsi alivyokuwa akiwasikia wale wawili wakicheka upande wa pili wa ukuta. Maneno ya mama na mwanawe wakimenya vitunguu, sasa yanaandikwa na watoto wa watu ambao hata salamu hawakumpa. Dada aliinamisha kichwa kama anayetafuta sindano sakafuni.

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mpole, aliuliza kama mhusika aliridhia. Bila ridhaa, alisema, kazi hii ni sifuri. Profesa akajibu kwamba aliridhia, na yupo hapa mstari wa pili. Mwenyekiti akasema kwa kuwa mhusika yupo ukumbini, angependa kulisikia hilo kutoka kwake.

Nilimnong'oneza dada aseme kweli, mtoto akione cha mtema kuni. Alisimama.

"Ndiyo," alisema. "Aliniomba, nikakubali."

Mwalimu wa uchumi akatabasamu. Kuna watu wanaotabasamu hivyo wakiona kuku kajileta jikoni mwenyewe. Alimwambia Profesa kwamba asubuhi nzima amewathibitishia kuwa mama huyu hajui kukataa. Sasa hiyo 'ndiyo' yake wataiaminije? Hoja ikiwa kweli, ridhaa hakuna. Ridhaa ikiwepo, hoja imeanguka. Achague moja, na vyovyote atakavyochagua amefeli.

Wanafunzi wakacheka. Hoja ilikuwa tamu, hasa kwa vile haikuwanasa wao. Profesa, na akili zake zote zile, akapekua karatasi zake. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, waambie kitu ulichowahi kukataa. Kimoja tu, nionyeshe kwamba ukitaka unaweza. Mama, nitafeli."

Nilimvuta dada gauni akae. Nilijua kilichokuwepo ni kimoja tu, na tuliapizana kwamba kitazikwa nasi. Akautoa mkono wangu taratibu.

"Nilikataa kuitoa mimba yako," alisema. "Baba yako alishamleta yule mwenzake, akataka niitoe. Mama yangu mwenyewe akaniletea dawa, akasema najiongezea mzigo. Nikasema hapana. Wakanipiga, nikasema hapana."

Hakuna aliyecheka. Yule mwalimu wa uchumi alipata kazi ya kufuta miwani. Mimi nilikuwa nalia, na sioni aibu kulisema, huku nikimtazama binti yetu nikingoja aje. Palikuwa karibu, angefika kwa hatua chache. Alimtazama mama yake. Kisha akaligeukia jopo.

"Hilo linahesabika?" aliuliza.

Mwenyekiti aliwatazama wenzake. Mwishowe akasema kwamba kwa kanuni zao linahesabika, mhusika ameonyesha anaweza kukataa, kwa hiyo ridhaa yake inapokelewa.

"Basi hoja yangu sitaifuta, nitairekebisha," alisema Profesa, na sauti yake ilikuwa imesharudi. "Utii wa mhusika una kighairi kimoja, hali moja ya kutotii. Nitakiweka kwenye hitimisho."

Jopo likanong'onezana, wakaitikia kwa vichwa. Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, ukumbi mzima ukamfuata. Dada alipoona wote wanapiga, naye akapiga. Kisha akanisogelea sikioni, maana yale ya hitimisho hakuyaelewa.

"Amefaulu?" aliniuliza.

Nikamwambia amefaulu.