Jino la Nyangumi la Mara ya Tatu

Wakwe zake walipokuja na jino la nyangumi kwa mara ya tatu, Salanieta alikuwa katika jiko la nyuma la wazazi wake akikuna nazi ya kuwapikia.

Alikuna kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na vidole viwili vilivyofungwa kitambaa. Mumewe, Vilikesa, alivikanyaga kwa buti siku ya Jumatatu, akavisaga sakafuni kama mtu anayezima kipande cha sigara. Kisa? Mke wa chifu alikuwa amesifu mkeka wa Salanieta mbele za watu, na yeye Vilikesa hakusifiwa kwa lolote. Sasa vidole havikunjiki, na mkeka umebaki nusu.

"Kuna polepole," alisema mama yake, Unaisi, akimenya magimbi. "Nazi haijakukosea kitu."

"Aliyenikosea yumo ndani kwa baba, amekalishwa mkekani kama bwana harusi. Nikamkune yeye?"

"Shika ulimi wako! Ukuta huu ni mianzi, watakusikia."

"Wasikie. Mbavu zangu zilipolia, nani alisikia?"

Mara ya kwanza ulikuwa ubavu. Watu wa Vilikesa walikuja, wakaomba radhi kwa jino, baba akalishika, yakaisha. Huko kwao, kisiwani Kadavu, jino likishashikwa, kosa limezikwa. Atakayelitaja tena ndiye mkosaji. Salanieta akarudishwa. Mara ya pili lilikuwa birika la maji ya moto. Jino, makofi ya heshima, bakuli la kava la kunywa pamoja, akarudishwa. Makosa yote yale yalizikwa, na kaburi lilikuwa mwili wake.

Jana alimpigia magoti baba yake, Apisai. "Baba, safari hii usilishike. Ukilishika, kesho hiyohiyo napakiwa kwenye mashua yao."

Apisai alitazama pembeni. "Jino la nyangumi halikataliwi, mwanangu. Babu yangu hakukataa, sembuse mimi?" Hakuuliza hata vidole vinaumaje.

Sasa sauti ya Isimeli ilipenya ukutani. Isimeli ndiye msemaji wa ukoo wa Vilikesa, mzee mwenye maneno laini kama mafuta ya nazi.

"Tumekuja tukitambaa, wazee wetu," alikuwa akisema. "Kijana wetu amekosa. Lakini ni kosa dogo la nyumbani. Vyombo vikikaa kabati moja, havikosi kugongana..."

"Vyombo!" Salanieta alikitupa kifuu, kikagonga sufuria. Akainuka.

"Unakwenda wapi? Sala! Basi beba hata chai, waone umeleta chai!"

Hakubeba chai. Alizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa juu, mlango wa wazee, ambao hakuna mwanamke aliyewahi kuupita. Hakuinama. Hakuomba radhi kupita. Alitembea wima katikati ya vichwa vya wanaume waliokaa, na wanaume wale wakaduwaa kama waliomwona ng'ombe kanisani.

Isimeli alikuwa amelishikilia jino kwa kamba yake. Apisai alikwisha kunyoosha mikono yote miwili kulipokea.

"Baba," Salanieta alisema, "kabla hujashika hilo, shika hivi." Akafungua kitambaa, akamwekea vidole mbele ya uso, vyeusi, vimevimba. "Niambie. Hivi ni sahani au vikombe?"

"Unasimama vichwani mwa wazee!" mtu mmoja alifoka.

"Vilikesa alisimama juu ya mkono wangu. Mbona hamkufoka?"

Vilikesa alikuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi, kama alivyofundishwa. Sasa akakiinua. "Sala, kaa chini."

Hakukaa.

"Nimesema kaa chini! Ngoja tufike nyumbani, utanitambua."

Isimeli alifumba macho, jino bado linaning'inia mkononi.

Mikono ya Apisai ilibaki hewani. Kisha akairudisha taratibu, akaikalia.

"Isimeli," alisema, "rudi na jino lako."

"Ndugu yangu, mdomo wa kijana umeteleza tu—"

"Haujateleza. Umesema ulichotumwa na moyo."

Waliondoka bila kuonja kava. Vilikesa alitafuta viatu vyake mlangoni, na hakuna aliyesogea kumpisha.

Apisai alimfuata binti yake hadi jikoni. "Umeona? Nimelikataa. Katika ukoo huu mimi ndiye wa kwanza." Akasimama pale, akingoja ashukuriwe.

Salanieta alimtazama, na hasira ikampanda kuliko ya asubuhi.

"Vilikesa kasema neno moja, baba, ukamwamini papo hapo. Mimi nimekuambia miaka minne."

"Mwache baba yako," Unaisi alinong'ona. "Ameaibika mbele za watu kwa ajili yako."

"Nimwache? Mama, hata sijaanza."

Akasukuma kigoda kwa mguu kuelekea kwa baba yake. Apisai akakaa. Salanieta akaanza, tangu ubavu wa kwanza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hayo yalishazikwa.