Leo Simkomboi

Wazo la kwenda likizo lilikuwa langu, na nalisema mapema ili mtu asinisaidie kulisema. Mume wangu Manyanda alitaka tubaki Mpanda, alale. Mama mkwe alipiga simu kutoka Mwamkulu kuuliza kama ni kweli tunaenda kuangalia viboko, kwani yeye ng'ombe zake zimeisha? Lakini mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Nina watoto tisini na wawili darasani na mmoja nyumbani, na mwezi wa sita ule nilitaka kitu kimoja tu: kukaa kwenye kiti, mahali ambapo si kwangu, na nisifue chochote. Siku mbili Sitalike kando ya mto, halafu tukatishe hifadhi ya wanyama ya Katavi hadi Usevya kwa wazazi wangu. Sikuomba makubwa.

Nilichosahau ni kwamba mtoto wa miaka miwili na nusu haendi likizo. Anahama na kazi zake zote. Dina alitapika kabla hatujatoka mjini, akakataa kofia, akataka kofia, akalia kwa sababu jua lilikuwa upande wake. Mtu pekee aliyemtuliza alikuwa Abednego, mdogo wake Manyanda, ambaye ndiye alikuwa akiendesha gari.

Sasa huyu Abednego ni shemeji yangu, na shemeji hutaniana, kwao Wasukuma na kwetu Wapimbwe pia. Ila yeye amezidi. Alinitania kwenye msiba wa shangazi yangu mpaka padri akageuka. Kwa Dina ana mchezo mmoja. Anamficha nyuma ya mlango, chini ya meza, popote, halafu anatangaza, "Nimemuuza!" Mimi natakiwa niulize amemuuza kwa nani. Anataja mtu yeyote wa ovyo. Kisha ananiuliza, "Unamkomboa kwa nini?" Nikitaja kitu ambacho Dina anakipenda, chapati au yai, mtoto anapiga kelele, "Haya!" na kutoka mbio. Nisipotaja, hatoki. Umwite utakavyo, hajibu. Anaziba mdomo kwa mikono miwili na kukaa kimya kama baba yake mdogo alivyomfundisha, na katika hilo ni mwanafunzi mzuri kuliko wangu wote tisini na wawili.

Siku hiyo, mpaka tunafika Sitalike saa saba mchana, alikuwa ameshauzwa mara nne. Mara ya nne alikuwa nyuma ya siti na mimi kichwa kinaniuma.

"Kaa naye," nikasema. "Leo simkomboi."

Abednego alicheka. Kichwa cha Dina kikachungulia chenyewe, macho yamemtoka, ikabidi nimpe chapati nzima.

Tulifikia kwenye kambi ndogo ya mama mmoja anayeitwa Lidia: vyumba vinne, jiko la nje, viti vya kamba chini ya paa la nyasi, na mto hatua chache tu chini yake. Maji yalishaanza kupungua, na viboko walikuwa wamelala humo wamebanana, migongo juu. Dina alipowaona alipiga makofi.

"Ng'ombe! Ng'ombe wa babu!"

Tulicheka wote, isipokuwa Optatus, mlinzi wa kambi, mwanaume wa makamo mwenye mabuti ya mpira. Aliuliza kama mtoto amezoea ng'ombe. Manyanda akajibu kwa fahari kwamba binti yake anaingia zizini kwa babu na kuwapiga ng'ombe makofi ya tumbo.

"Basi ikifika saa kumi na moja na nusu, huyo awe mkononi," Optatus alisema. "Hawa wanapanda kula majani hapa hapa tunapokanyaga. Ukikutana naye, usisimame kati yake na maji. Ukimkatia njia ya maji hana mjadala."

Niliitikia. Naapa niliitikia.

Ilipofika saa kumi na moja na nusu, nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Kile kiti nilichokitaka. Nimenyoosha miguu, kikombe cha chai tumboni, macho nimefumba. Manyanda alikuwa amevuka barabara kwenda kununua mkaa. Abednego alikuwa nyuma yangu anaosha gari, redio inaimba. Nikauliza bila kufumbua macho:

"Shemeji, Dina yuko wapi?"

"Nimemuuza."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye mabasi. Alitaka na mama yake, nikamwambia huyo mdomo wake utamfilisi."

"Kaa naye," nikasema. "Leo simkomboi."

Nikanywa chai yangu. Nilikaa robo saa, na ile robo saa ilikuwa tamu. Siwezi kujidanganya kuhusu hilo.

Kisha Abednego alikuja anajifuta mikono kwenye suruali. "Shemeji, niletee huyo mtoto nimuoshe miguu, anachafua siti."

Nilifumbua macho. "Nimlete kutoka wapi? Si unaye?"

"Mimi? Si yuko ndani na kaka?"

"Manyanda kaenda dukani. Wewe umesema umemuuza."

"Nimesema tu, shemeji." Tabasamu lilikuwa bado usoni, ila macho yalishaliacha. "Umeniuliza, nikajibu. Ningejibuje tena?"

Na kweli, angejibuje? Shemeji akikuuliza mtoto yuko wapi, umemuuza. Ndivyo tulivyoishi.

Kikombe kilidondoka. Nilikimbia vyumbani, chooni, jikoni, nikampita Lidia anachambua mchele, ambaye hakuwa amemwona. Abednego aliingia chini ya gari, akafungua kila mlango. Tukaanza kuita. "Dina! Dinaaa!" Lidia akaita, mpishi wake akaita, Manyanda alisikia akatupa mkaa barabarani, akakimbilia mbali upande wa daraja la mto akiita, mpaka sauti yake ikapotea. Hakuna aliyejibu. Niliangalia kila mahali isipokuwa majini. Niliogopa kuangalia majini.

Optatus alikuja na tochi ingawa jua lilikuwa bado halijazama. "Punguzeni sauti," alisema. "Mmoja ameshapanda."

Ndipo nilipomwona kiboko. Alikuwa ametoka mtoni, anang'aa tope, mkubwa kuliko gari letu la Noah, anakata majani kwa mdomo. Ile sauti ya majani kukatika ilifika mpaka tulipokuwa. Kando yake, hatua kama kumi, kulikuwa na karavati mbili za zege, yale mabomba makubwa ya kupitishia maji chini ya barabara, zilizoachwa hapo na watu wa ujenzi. Mchana Dina alikuwa ameingia na kutoka humo mara ishirini.

Nikaelewa. Nilielewa kwa mwili mzima. Kadiri tulivyomwita ndivyo alivyozidi kuziba mdomo. Mtoto wangu alisikia ameuzwa, akawa anacheza. Alikuwa anasubiri bei.

Nilimshika Abednego shati. Alikuwa analia, makamasi yanamtoka kama mtoto.

"Tania," nikamwambia.

"Shemeji, siwezi."

"Utaweza. Asubuhi nzima umeweza. Tania sasa hivi."

"Ni... nimemuuza," alisema, sauti ya mtu mwenye homa.

"Kama kawaida yako!"

Alifuta makamasi kwa mkono. "Nimemuuzaaa!"

"Kwa nani?" nikaitikia, nikiilazimisha sauti yangu icheke.

"Kwa... kwa mpishi!"

Kicheko kikatoka ndani ya karavati ya mbele. Kidogo, cha kuzibwa kwa mikono. Kiboko aliinua kichwa, majani yananing'inia, akageuza masikio yake madogo.

Optatus alinishika mkono. Alinong'ona haraka. "Yuko salama humo. Bomba halitoshi kichwa cha kiboko. Lakini asitoke. Akitoka huku ni mbele ya mdomo. Akitoka kule ni kati yake na maji. Mama, mtoto asitoke."

"Unamkomboa kwa nini?" Abednego alikuwa ameshauliza. Ni mazoea, mdomo ulikwenda wenyewe, na alipousikia alijipiga kofi.

Neno chapati lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nilikuwa tayari kutaja chapati zote za mkoa wa Katavi. Nililimeza.

"Simkomboi," nikasema.

Abednego alinitazama. Nilimwona akielewa. "Humkomboi? Mtoto mzuri hivi?"

"Ana kelele. Kaa naye."

"Basi mpishi anamchukua."

"Amchukue."

"Mama mtu, humtaki?"

"Simtaki."

Kicheko kilikuja tena, kikapungua, kikaisha. Kiboko alirudi kwenye majani. Hatua moja, mdomo chini, hatua moja. Alikuwa anakula kuelekea kwenye karavati, hana haraka, jioni yote ilikuwa yake. Sisi tuliendelea. Simtaki. Mpe mwenye mabasi. Mpe mwenye asali. Simtaki, shemeji, nimemchoka. Sauti yangu ilikuwa nzuri, ya uchangamfu, ile ninayotumia darasani, na machozi yalikuwa yanaingia mdomoni.

Kiboko alifika kwenye zege. Alilinusa. Akapumua, nikaona vumbi likiruka mlangoni mwa karavati.

"Mama?"

Dina hajawahi kuongea katikati ya mchezo. Hata siku moja. Ilikuwa sauti ndogo, ya kuuliza.

"Mama?"

Optatus alikuwa amenibana mkono mpaka mfupa. Nilitaka kusema nipo. Nilitaka kusema mama yupo hapa mwanangu, na najua angetoka mbio kuja kwangu, moja kwa moja, akimpiga ng'ombe wa babu kofi la tumbo njiani.

"Simtaki," nikasema.

Kiboko alisimama pale kwa muda ambao siwezi kuupima. Halafu akageuka taratibu, akashuka na mkondo wa mto, akala huku, akala kule, mpaka matete yakamficha. Optatus alikuwa ameinua mkono. Akaushusha.

"Sasa. Tembea, usikimbie."

Nilikimbia. "Nakomboa!" nilikuwa napiga kelele. "Nakomboa kwa chapati! Kwa yai! Kwa soda! Nakomboa kwa kila kitu!"

Hakuna aliyesema haya.

Nilipiga magoti mlangoni mwa karavati. Dina alikuwa amekaa katikati, magoti kifuani, mikono miwili mdomoni. Alikuwa ananitazama. Nikanyoosha mikono.

"Mama hataki," alisema kupitia vidole.

Nilimwambia mama anataka. Nilimwambia ilikuwa mchezo. Hakusogea. Abednego alizunguka upande wa pili na kumwita kwa jina tu, bila utani wowote, na mwanangu akageuka, akatambaa kwenda kwake. Kiatu kimoja kilibaki mbele yangu.

Asubuhi tuliendelea na safari hadi Usevya kama tulivyopanga. Baba yangu alichinja mbuzi, na picha tulipiga. Abednego hajamuuza mtu tangu siku hiyo. Ananisalimia kwa heshima kama mkwe, na mimi sijui nimwambieje arudi kwenye utani.

Dina ndiye aliyebadilika kuliko wote. Hajifichi tena. Ukimwita mara moja tu, awe zizini, awe usingizini, anaitika kabla hujamaliza jina. "Nipo, mama! Nipo!" Anakuja mbio, anasimama mbele yangu na kuniangalia usoni mpaka nimshike. Mama mkwe anamsifu kwa majirani. Anasema likizo imemfunza mtoto adabu.