Kushoto Mara Mia Mbili na Kumi na Mbili

Wiki ya saba baada ya maziko, Kapteni alikuwa ameuawa kwenye daraja lile mara nyingi hata akaacha kuhesabu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mapazia yalikuwa yamefungwa, chai aliyoachiwa na mkewe imepoa mezani na kuota ngozi, na yeye ameketi ukingoni mwa kochi na padi ya gemu mikononi, macho mekundu kama mtu aliyeshinda akikata vitunguu.

Kwenye televisheni, shujaa wake mwenye joho la kijani alipanda ngazi za daraja la mawe. Juu walimngoja walinzi tisa waliovaa chuma. Mmoja akainua rungu. Kidole gumba cha Kapteni kikasukuma kijiti, shujaa akaruka pembeni, na pale alipotua mkuki ulikuwa tayari umeelekezwa, kana kwamba walikuwa wamepatana. Skrini ikawa nyeusi.

"Tena," alijiambia, akabonyeza.

Hakuwa mtu wa michezo hii. Alikuwa dereva wa lori la matofali, miaka kumi na tisa barabarani, na jina la Kapteni alipewa na wapakiaji kwa sababu ya kofia yake nyeupe ambayo hakuivua hata kwenye jua la kuchoma mawe. Mashine ya gemu ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, mwanamume wa miaka thelathini na minne aliyeitwa Kinanda kwa vile mdomo wake haukuwa na mapumziko. Kinanda alikuwa msaidizi wake kwenye lori. Jumapili mchana alikuwa akija na ile mashine kwapani, mkewe Kapteni akawaachia televisheni, wakacheza kwa zamu: Kinanda na shujaa wake mwanamke mpiga mishale, Kapteni na yule wa joho la kijani.

Ulikuwa ulimwengu mpana, misitu, magofu na miji yenye kuta, na mchezaji alikwenda popote alipotaka. Tabu ilikuwa maadui. Walijifunza.

"Hawa jamaa wanakusoma, shemeji," Kinanda alimweleza siku ya kwanza. "Ukiwapiga mishale leo, kesho wamekuja na ngao. Ukiingia kwa mlango wa nyuma, wanauziba. Usiwazoeshe kitu."

"Mimi nina ujanja gani wa kuwazoesha?"

"Ndiyo taabu yako. Unarudia kile kile kama kaseti iliyokwama."

Mkewe Kapteni, aliyekuwa akipiga pasi pale pale sebuleni ingawa kupiga pasi ndiyo kazi iliyomlisha siku sita za wiki kwenye duka la dobi, alicheka hadi akaunguza kola.

Siku ya ajali walikuwa wakishuka mlima wenye kona tatu, saa sita mchana, lori limejaa. Kinanda alikuwa akisimulia alivyovuka daraja la mawe usiku uliopita. "Ukifika pale, shemeji, wala usihangaike na wale wa mbele. Wewe unachofanya ni—" Hapo ndipo Kapteni alipokanyaga breki na breki ikazama mpaka chini kama amekanyaga tope. Akakanyaga tena. Akarudisha gia, gia ikalia na kukataa. Kona ya tatu ikawajia mbio. Kapteni akakata usukani kushoto, lori likaukwaruza ukuta wa mawe mita arobaini nzima mpaka likasimama.

Usukani ulikuwa upande wa kulia. Upande wa kushoto ndiko alikokaa Kinanda.

Kapteni alitoka na mshono mmoja kwenye nyusi. Polisi walipomuuliza kwa nini kushoto, alijibu: "Kulia kulikuwa na watu." Kampuni ilipomuuliza, akajibu hivyo hivyo. Msibani, mama mkwe alimshika mikono yote miwili mbele ya watu akasema, "Mwanangu, ulifanya ulichoweza. Ungeua wengi." Akaitikia kwa kichwa. Kila aliporudia maneno yale yalizidi kuwa laini mdomoni, na kila usiku alipofumba macho aitafute sura ya hata mtu mmoja aliyesimama kulia, hakuipata.

Basi akaichukua ile mashine ya marehemu, akashika padi. Alijiambia kwamba akilivuka daraja atakuwa amemaliza mazungumzo yaliyokatika. Kampuni ilikuwa imempa likizo hadi uchunguzi uishe, na mkewe alipotoka kwenda kazini saa moja, yeye aliwasha televisheni kabla hatua zake hazijaisha kwenye ngazi.

Asubuhi hiyo ya wiki ya saba, baada ya kuuawa mara ya sita bila hata kufika katikati ya daraja, alianza kufungua kurasa za gemu alizokuwa hazigusi, zile ambazo Kinanda ndiye aliyezijua. Alikuwa akitafuta upanga bora, au dawa, chochote. Akaangukia ukurasa wenye picha ya jicho. Ulikuwa umeandikwa yale ambayo maadui wamekwishajifunza juu ya mchezaji. Akausoma polepole. Hupenda upanga mfupi. Hanywi dawa mpaka amekaribia kufa. Halafu, chini kabisa: akishtukizwa hukwepa kushoto, mara 212. Kulia, mara 7.

Kapteni alitazama namba zile hadi skrini ikajizima yenyewe kwa kukosa kuguswa.

Akaiwasha. Akarudi darajani. Safari hii alijua atakwenda kulia, kulia tu, hana mjadala. Rungu likainuka, gumba likaenda kushoto, mkuki. Akarudia. Kushoto. Akachukua kalamu akachora mshale mnene mgongoni mwa mkono, unaoelekea kulia. Kushoto. Akafunga kidole kwa uzi wa kushonea ili kisifike upande ule, akawa anaukaza hadi ncha ikageuka zambarau, na bado rungu lilipopaa kidole kilivutana na uzi kwenda kule kule, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Pale alipojikaza asubiri, aende kulia kwa kukusudia, alikuwa amechelewa na rungu lilikuwa limeshashuka.

Hakuwa na nafasi ya kuchagua. Hilo alilielewa saa tano na nusu. Kwenye kona ya tatu pia hakuchagua. Hakuona watu, hakupima, hakufikiri. Mkono ulikwenda ulikozoea.

Lakini labda watu walikuwepo. Hilo lilikuwa limebaki. Alivaa viatu bila soksi akatoka.

Alipanda mlima kwa miguu, jua la utosini, malori yakimpita na kumfunika vumbi. Kwenye kona ya tatu ukuta wa mawe ulikuwa bado na mchirizi wa rangi ya bluu ya lori lake. Hakuutazama sana. Aligeuka upande wa pili wa barabara. Palikuwa na uwanja wazi wa mtu anayeuza mchanga wa kujengea, malundo matatu marefu kuliko nyumba, na pembeni yake fundi wa kuziba pancha, mzee kidogo, akisugua mpira wa ndani kwa msasa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Siku ile ya ajali ya lori la matofali, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

"Hapa penyewe palikuwa na watu? Kwenye huu uwanja?"

Fundi akaacha kusugua. "Saa sita? Wapakia mchanga huwa wamekwenda kula. Mimi nilikuwa peke yangu, na mimi niko huku pembeni. Hata barabara ilikuwa tupu." Akamtazama vizuri, akaona kovu jipya la nyusi, na uso wake ukabadilika. "Ndugu yangu, kaa kivulini kwanza."

"Lori lingeingia kwenye ule mchanga, lingesimama?"

"Mimi naziba pancha tu."

"Lingesimama?"

Fundi alisugua mpira mara mbili tatu bila sababu. "Mwaka juzi liliingia moja," alisema hatimaye. "Lilisimama."

Kapteni hakukumbuka alivyoshuka mlima. Mkewe aliporudi saa kumi alimkuta sakafuni mbele ya televisheni, mgongo kwenye kochi, uzi bado umemng'ang'ania kidoleni, anacheza, anauawa, anacheza. Midomo ilimkauka. Alikuwa akisema "kulia, kulia, kulia" kwa sauti ya mtu anayeomba.

Mkewe aliweka mkoba chini. Alichukua mkasi wa kushonea, akapiga magoti, akaukata uzi. Kisha akazima televisheni kwa kuchomoa waya ukutani.

"Kidole kingeoza hiki. Nini hii?"

"Nimekwenda kule."

"Kule wapi?"

"Kwenye kona. Kulia hakukuwa na watu."

Alimwambia yote, bila kumtazama: ukurasa wenye jicho, namba, lundo la mchanga, fundi pancha, lori la mwaka juzi. Mkewe alisikiliza akiwa bado amepiga magoti, mkasi mkononi. Nje watu walikuwa wakipandisha godoro ngazini na kubishana namna ya kulipindisha.

"Uliuona mchanga?" mkewe aliuliza.

"Sijui."

"Usiniambie hujui. Uliuona au hukuuona?"

"Nilipita pale kila siku kwa miaka. Nilijua upo. Lakini wakati ule sikuona kitu. Mkono ulishakwenda."

"Ulishakwenda upande aliokaa kaka yangu."

"Ndiyo."

"Na watu?"

"Watu niliwatunga. Polisi aliuliza, nikasikia mdomo wangu unajibu. Halafu nikaona kila mtu amepoa. Hata wewe ulipoa."

Mkewe aliinuka, akaenda dirishani, akafungua mapazia. Mwanga uliingia wote kwa mpigo, Kapteni akajikinga macho. Mkewe alikuwa amempa mgongo na mabega yake hayakutikisika, jambo lililomtisha kuliko kilio.

"Ningeweza kukusamehe mkono," alisema. "Mkono hauna akili. Lakini wiki saba, mama anawaambia majirani kwamba mwanawe amekufa ili wengine wapone. Ndicho anachokitegemea akiamka. Sasa hicho nacho nimpokonye?"

"Nikikaa nacho nitapata wazimu."

"Naona." Akageuka. "Basi hutanituma mimi. Utakwenda mwenyewe, kwa miguu yako, na utamwambia kama ulivyoniambia. Usipunguze."

Walikwenda kesho yake mchana. Mama mkwe aliishi vyumba viwili nyuma ya karakana ya maseremala, na siku nzima kulikuwa na harufu ya mbao na kelele za msumeno. Aliwapokea kwa furaha, akamwita Kapteni mwanangu, akahangaika kutafuta kiti kisicholegea. Kapteni hakukaa. Alivua kofia, jambo ambalo mkewe hakukumbuka kuliona mbele za watu, akasema akiwa amesimama. Msumeno ulipolia alinyamaza, ulipokoma akaendelea, na kwa hiyo maneno yake yalitoka vipande vipande, na kila kipande yule mama alikipokea peke yake.

Alipofika mwisho, mama mkwe alibaki ameushika mgongo wa kiti.

"Alipata maumivu?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Ilikuwa mara moja."

"Hilo nalo umelitunga?"

"Hilo ni kweli. Daktari pia alisema."

"Alikuwa anasema nini? Maana mwanangu hakufa kimya, huyo."

"Alikuwa ananifundisha gemu. Alikuwa anacheka."

Mama akatikisa kichwa taratibu, muda mrefu. Kisha akasema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka tu: "Toka nyumbani kwangu. Usije mpaka nikuite. Na wewe," alimwambia binti yake, "baki."

Kapteni alitoka peke yake. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi, akangoja kwenye benchi saa mbili, akaandikisha maelezo mapya. Ofisa aliyempokea alimuuliza mara tatu kama ana hakika, kwa kuwa maelezo ya kwanza yalikuwa yanamsaidia. Uchunguzi ulipoisha, ubovu wa breki uliangukia kampuni, lakini yeye alinyang'anywa leseni kwa kusema uongo, na kampuni ikamwachisha kazi wiki hiyo hiyo. Alipata kibarua cha kubeba mifuko kwenye ghala la saruji. Mashine ya gemu aliifunga kwenye sanduku, akamtumia mkewe kule kwa mama yake, kwa kuwa ilikuwa ya kaka yake.

Mkewe alirudi baada ya siku ishirini na tatu. Aliingia na mkoba wake, akatazama vyombo vilivyorundikana, akasema, "Wewe mtu unaishi kama mwizi," akakunja mikono ya blauzi. Walilala kitanda kimoja na nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Siku nyingine nafasi hiyo ilipungua, siku nyingine ikaongezeka.

Mwezi wa tano baada ya maziko, Jumamosi mchana, simu ya mkewe iliita. Alisikiliza, akasema, "Yupo," akampa.

"Maseremala wameniletea kabati," mama mkwe alisema. "Wameliacha mlangoni, haliingii. Umeshiba?"

"Nimeshiba, Mama."

"Basi njoo unisaidie kulisukuma."

Alikwenda akikimbia nusu ya njia, suruali bado imejaa saruji. Kabati lilikuwa zito na mlango mwembamba, ikabidi wavue bawaba, walilaze, waliinue upya. Ilichukua saa nzima. Katika saa hiyo yule mama hakumwambia neno lolote zaidi ya inua, shusha, subiri, vuta kwako. Lilipokaa sawa ukutani alifuta vumbi juu yake kwa kiganja, akafungua milango yote miwili, akaifunga, akaifungua tena.

"Linayumba," alisema.

Kapteni alichuchumaa atafute kipande cha mbao cha kusawazishia mguu wa kabati.