Seremala Mwenye Kalamu Nyekundu

Katika darasa la Bibi Kisa neno moja lilikuwa limepigwa marufuku: "inategemea." Aliyeponyokwa nalo alishika kifutio, akafuta ubao wote mbele ya wenzake, kisha akaandika uamuzi wake kwa herufi kubwa na kuutia sahihi. Wanafunzi wa uongozi wa biashara walimpachika mwalimu wao jina la Bibi Kisa kwa sababu hakuwa na habari ya kuwasomea madondoo wayanakili. Kila Alhamisi aliwaletea kisa cha mtu wa kweli aliyekwama, awe mwoka mikate, dereva wa lori au muuguzi wa zamu, akawapa dakika ishirini waamue kana kwamba mtu huyo anawasubiri mlangoni.

Alhamisi hiyo aliyekwama alikuwa yeye mwenyewe. Mkuu wa chuo alimtaka aiongoze idara, na jibu lilitakiwa kabla ya saa sita mchana. Akikubali, angeliaga darasa. Akikataa, kiti kingemwendea mwalimu mwenzake wa chumba cha pili, mtu mwema, ila aliyeamini kwamba kazi ya mwanafunzi ni kunakili. Mafunzo ya visa yangezikwa muhula huohuo. Siku tatu alikuwa amelizungusha jambo hilo kichwani asipate pa kulishikia. Asubuhi, akinywa chai, akalivisha nguo za useremala.

Basi akawagawia karatasi za kisa, akawasomea. Seremala hodari ameombwa kuisimamia karakana. Akikubali, hatashika randa tena. Akikataa, atakuja mtu atakayewachoresha vijana viti kwenye karatasi mwaka mzima bila kugusa ubao hata mmoja. Aamueje?

Makundi manne yakavamia kisa. La kwanza likasema akubali, la pili likasema akatae, la tatu likamwita mwoga. Bibi Kisa akakohoa, akawaomba wamstahi seremala wa watu.

Kijana mmoja, mbishi hata wenzake wakamwita Wakili, akanyoosha mkono. Alikuwa ameirudia karatasi ya kisa mara mbili.

"Samahani, Mwalimu. Hapa pameandikwa kwamba seremala huyu husahihisha kazi za vijana kwa kalamu nyekundu. Viti navyo husahihishwa kwa kalamu?"

Macho ya darasa zima yakatua kwenye mfuko wa blauzi ya mwalimu, ilimochomekwa kalamu nyekundu.

"Karakana ziko za namna nyingi," akajibu.

"Sawa. Na ingekuwa ni wewe, ungeamuaje?"

"Inategemea," akasema Bibi Kisa, na papo hapo akatamani kulimeza.

Kicheko kilitikisa vioo vya madirisha. Wakili alikwishafika mbele, akamkabidhi kifutio kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Adhabu ni adhabu. Akafuta polepole, vumbi la chaki likimwingia puani. Kundi la nne lilikuwa bado halijasema neno. Liliongozwa na mama wa watoto watatu, mkubwa kuliko wanafunzi wote, ambaye kila mtu alimwita Shangazi.

"Sisi tumekwama hapa pasemapo hatashika randa tena," akasema Shangazi. "Nani alisema hivyo? Aliyemwomba, au seremala mwenyewe?"

Mkono wa Bibi Kisa ukasimama. Akayapitia maneno ya mkuu wa chuo, moja baada ya jingine. Hilo halikuwamo.

"Seremala mwenyewe," akakiri.

"Basi na aende akaulize, Mwalimu. Saa zinakwenda."

Akaandika: NAKUBALI, ILA ALHAMISI NI YANGU. Akatia sahihi, akashuka ngazi kwa haraka isiyomfaa mtu wa umri wake.

Mkuu wa chuo alifurahi mno kusikia amekubali. Aliposikia habari ya Alhamisi, akajiegemeza kitini na kukuna kidevu.

"Hapo sasa, inategemea."

Ndipo Bibi Kisa alipogundua kwamba bado ameshika kifutio. Akakiweka juu ya meza, mbele ya mkuu, akamweleza sheria ya darasa lake kwa utulivu kamili. Ofisi ile ilikuwa na ubao mmoja tu, nao ulibeba ratiba ya muhula mzima.

Mkuu akautazama ubao. Akakitazama kifutio.

"Alhamisi ni yako," akasema.